Mgongo Wangu Si Mandhari

Wivu nao una adabu zake, na wivu wa Dada Flashi ulikuwa umelelewa vizuri: ulibisha hodi, ukavua viatu mlangoni, ukajikalia kimya kwenye kiti cha wateja. Ila haukuondoka tena.

Jina la Flashi alipewa na wateja. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye kitambaa cheupe ukutani, stuli inayozunguka na kioo cha kuchania nywele. Kazi ya kutwa ilikuwa ileile: nyanyua kidevu, funga mdomo, usicheke. Nyuso za pasipoti zilimlisha, lakini roho yake ilikuwa milimani. Kila Jumapili, wenzake wakiwa bado wanageukia ubavu wa pili, yeye alikuwa keshapanda kilima cha nyuma ya kiwanda cha maziwa, stendi ya kamera begani, anasubiri jua lichomoze. Alikuwa ametazama mafunzo kwenye simu mpaka macho yakawasha. Alijua kuigawa picha kwa theluthi, alijua kuubana mwanga kwenye lenzi ili vya mbali na vya karibu vyote vionekane wazi. Na sharti lake halikuwa na mjadala: kwenye mandhari hakai mtu. Akipita mchungaji, atamngoja apotee. Akipita mwenye baiskeli, atamsonya.

Wifi yake aliingia kwenye mambo haya kwa mlango wa mzaha. Alikuwa mke wa kaka yake, fundi wa kushona mapazia, mwanamke anayecheka kabla hujamaliza kusema.

"Wifi, nichukue na mimi siku moja nikayaone hayo mawe unayoyapenda kuliko sisi."

Flashi akamchukua. Akampa na kamera yake ya zamani, ile yenye kitufe kinachokwama, kwa ukarimu wa mtu asiyewaza kwamba anaweza kupitwa.

"Usipige umesimama kama mlingoti," alimfundisha. "Chuchumaa. Weka kitu cha karibu, jiwe au jani, ili jicho lipate pa kuanzia."

"Lipate pa kukanyaga," wifi akasema.

"Ehee. Hivyohivyo." Flashi hakupenda kwamba neno la mwanafunzi lilikuwa zuri kuliko la mwalimu.

Picha za kwanza za wifi zilikuwa kichekesho, upeo wa macho umelala upande kama mlevi. Zilizofuata zikawa za kawaida. Kisha zikaanza kuja za kumkosesha mtu hamu ya kula. Yule mwanamke alikuwa na jicho la kitambaa. Aliyaona mabonde kama mikunjo ya pazia, akajua ni lini mwanga wa ubavuni unaikoleza mikunjo hiyo na ni lini unaifuta.

"Umeona ukungu wa mke wangu?" kaka alisema mezani, mdomo umejaa. "Wako, dada, huwa kama moshi wa jikoni."

"Kaka, kula."

Kiwanda cha maziwa kilikuwa kinatafuta picha ya jalada la kalenda. Flashi alipeleka yake, kama alivyopeleka kila mwaka, na kila mwaka jibu lilikuwa, "Safi sana, dada, ila..." Hiyo "ila" haikuwahi kupata mwenzake. Safari hii wifi naye alipeleka moja, kwa utani tu.

Siku meneja masoko wa kiwanda alipoingia studio mwenyewe, moyo wa Flashi ulipiga vigelegele. Bwana yule akatandaza picha mezani.

Kilima ni kilekile, asubuhi ni ileile Flashi aliyopiga ya kwake. Ukungu umelala bondeni kwa mikunjo. Na ukingoni mwa mwamba, mdogo kama sisimizi, mtu ameinama nyuma ya stendi, makalio juu kuliko kichwa.

Flashi alikuwa amekipanda kilima kile miaka nenda rudi. Hakuwahi kujua kwamba ni kikubwa kiasi kile.

"Hii ndiyo ya jalada," meneja akasema. "Hiki kijitu ndicho kinachoupa mlima ukubwa wake. Utaratibu wetu, aliyemo pichani lazima akubali. Wifi yako kasema ni wewe."

"Kijitu?"

"Namaanisha udogo, dada."

"Na yangu?"

"Yako safi sana, ila..."

"Sikubali," Flashi akasema. Hapo ndipo wivu ulipovaa viatu vyake, ukaingia kazini.

Kesho yake wifi alikuja na utepe wa kupimia ungali shingoni, kaka nyuma yake.

"Wifi, hata uso hauonekani! Ni mgongo tu."

"Mgongo wangu si mandhari."

"Nani atakujua kwa mgongo?"

"Mimi nitajijua. Nikiingia benki, kalenda ukutani. Kwa daktari wa meno, kalenda. Mwaka mzima nimekuinamia."

"Ungesema tu una wivu."

"Ninao."

Wifi hakutarajia mlango uwe wazi. "Basi nikufute. Kompyuta inaweza."

"Futa."

Wakaiangalia wote wawili picha aliyoiacha meneja. Wifi akaziba kijitu kwa ncha ya kidole, akaondoa kidole, akaziba tena. Bila mtu yule kilima kilinywea, kikawa safi, kipana, kitupu, kama vilima vyote vya Flashi. Hakuna aliyehitaji kulisema.

Simu ya wifi ikaita. Alikuwa meneja. Alisikiliza, akasema "sawa" mara nyingi, akakata. "Wamempa ng'ombe," akasema. "Jalada wamempa ng'ombe." Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, hakucheka. Akauvuta utepe shingoni, akauviringisha taratibu kidoleni.

"Umefurahi?" kaka akafoka. "Mwenzako kapata bahati yake, umeikanyaga kwa mguu! Mwombe radhi, yaishe."

Flashi akaichukua picha, akaibandika kwenye kioo cha kuchania nywele, mahali ambapo kila mteja angeiona.

"Ni nzuri, wifi," akasema. "Ni nzuri kuliko zote nilizopiga maishani. Na radhi siombi."