Mbolea ya Shamba la Ghorofa Tano
...na foleni ikasonga hatua moja halafu ikalala tena, Waithira akasonga nayo, simu mkononi, ndani yake ile meseji ya mbolea ya serikali, kwa sababu jina lake bado limo kwenye daftari la chifu, mkulima, Ngoingwa, ekari moja, na nani angelifuta, chifu hajui shamba liliuzwa, hata Ngendo aliye mbele yake hajui, na jambo asilolijua Ngendo hapa Thika bado halijatokea... “Mama Gachau,” Ngendo akageuka, “mwaka huu ni mahindi ama maharagwe?” Vyote, akajibu Waithira, na papo hapo akayaona mahindi yenyewe, yanatoboa simiti, yanapanda ngazi za zile ghorofa tano zilizosimama pale Gachau, mwanawe wa kuzaa, alipouza bila haya, yanachungulia jikoni kwa watu, majani yanapangusa nguo zilizoanikwa, na mama wa ghorofa ya tatu ananyoosha tu mkono dirishani anavunja la kuchoma... wacha wewe, hapa ni stoo ya mbolea. Ngendo alikuwa anasema nini? Tabby, yule wa kwaya, ameonekana Kamakis akila mbuzi na mume wa mtu, ngai, siku nyingine hiyo ingekuwa tamu kuliko mbuzi mwenyewe, angeuliza mume yupi, gari rangi gani, lakini leo maneno yalipita kama moshi, maana Boaz alikuwa anakuja na mkokoteni wake wa kubebea watu mbolea. Boaz anajua. Boaz alimlimia misimu saba, na mawe ya kujengea yalipomwagwa ni Boaz huyo huyo aliyepewa kazi ya kuchimba msingi, Waithira akamkuta mtaroni na mche mmoja wa mahindi mikononi, mizizi inadondosha udongo, hajui auweke wapi, akampa, na Waithira akaubeba hadi nyumbani kama mtoto mwenye homa... “Mama, leo tunapeleka wapi?” Polepole alisema, haki, lakini sikio la Ngendo likarefuka kama la punda. Ngoja kwanza, Boaz, ngoja... apeleke wapi, chini ya kitanda? Ya msimu uliopita iko huko huko, imenyonya unyevu imekuwa jiwe, anaigonga kwa kisigino akiamka usiku, na Boaz ana kipande chake cha kukodi kule mtoni nyuma ya mtaa wa Kiandutu, mahindi ya kufika magoti tu, ya manjano kwa kukosa mbolea, alienda kwa chifu kuandikishwa akaambiwa alete mwenye shamba, mwenye shamba hashiki simu... na dirishani karani anamuuliza kila mtu kwa sauti, “Shamba liko wapi?” Atasema Ngoingwa? Mbele ya Boaz aliyelichimba? Akisema ukweli watamfuta, na asipokuwa mkulima yeye ni nani, kikongwe tu anayelishwa na mtoto asiye na haya kama kuku... lakini mahindi yale yakarudi, hayapandi ngazi tena, yanateremka, yanafuata barabara hadi mtoni, yanajipanga mistari kwa Boaz, kijani hadi weusi, na yeye Waithira katikati na jembe lake, kwani palizi inaulizwa kitambulisho? Wanifute basi, wamwandike Boaz pale pale penye jina langu, na mabichi ya kuchoma atanipa, asiponipa nitamtangaza hadi Ruiru. Sasa hii habari nani ataianza? Ngendo? Aiharibu, atie chumvi mahali si pake? Maisha yake yote Waithira ameonja habari za wengine, hii moja ni yake, ya kwanza, bado moto, na foleni haijasonga hata unyayo, dirisha liko kule kule, Boaz ameegemea mkokoteni anangoja jibu, naye akamgusa Ngendo begani, taratibu. “Ngendo, wachana na Tabby. Sogea hapa nikwambie.”