Kijerumani cha Kujibu

Miaka saba tulisafisha wagonjwa wa Kijerumani, na kwa kazi hiyo maneno arobaini yanatosha. Geuka. Inua mguu. Wapi panauma? Ndiyo, metroni. Sasa hivi, metroni. Niliyahesabu. Walitufundisha wiki tuliyotua kutoka Korea, kisha wakafunga darasa, maana mwenye maneno arobaini hutii vizuri na hawezi kuuliza.

Leo wapo mabwana wanaoandika magazetini kwamba sisi wauguzi wa Kikorea tulipokewa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwepo. Mwaka 1977, walipopata wasichana wao wa kutosha, tulianza kuletewa barua: mkataba hautaongezwa, kibali cha ukaazi kinakwisha tarehe thelathini Septemba, asanteni. Katika hospitali yetu, hapa kwenye bonde la Ruhr, Ujerumani, barua hizo zilikuwa kumi na tisa.

Moja ilikuwa yangu. Nyingine ilikuwa ya Pyo Ok-bun, na habari hii ni yake.

Mume wa Ok-bun alikuja kuchimba makaa ya mawe, na mwamba ukamwangukia. Amezikwa hapa mjini. Huku kaburi hukodishwa kama chumba. Lisipotunzwa, halmashauri hulisawazisha na kumlaza mwingine. Kila vuli Ok-bun alipiga magoti pale, akang'oa majani na kumwagia mumewe pombe ya mchele, kama desturi yetu inavyotaka. Sasa walitaka apande ndege amwache. Yeye hakulia. Alikunja barua, akaiweka mfukoni mwa aproni, akaenda kumgeuza mgonjwa wa kitanda cha nne.

Mimi nilipiga kelele. Siasa nilijifunza mwenyewe, kwa vipeperushi nilivyookota kwenye mageti ya viwanda, na nilijua neno moja kubwa.

"Tugome!" nikamwambia.

"Wakituuliza kwa nini, dada Mal-ja, tutasema nini?"

"Tutasema hatutoki!"

"Hilo ni neno la arobaini na moja. La arobaini na mbili?"

Nikarudi kwenye vipeperushi vyangu kulitafuta.

Kwenye kitanda cha nne alilazwa Bi Trude Sobotta, aliyevunjika nyonga, mkutubi mstaafu wa maktaba ya wafanyakazi. Mwaka 1933, wale Wanazi wa mashati ya kahawia walipokuja kuchoma vitabu, yeye alikuwa karani pale, mwenye umri wa miaka ishirini. Usiku wa kuamkia siku hiyo alivitoa vitabu mia mbili kwa kigari cha mtoto mchanga, juu ameweka viazi. Mtu wa namna hiyo ukimwomba msaada hakuulizi umetumwa na nani. Ok-bun alimwomba kitabu cha sarufi. Bi Sobotta alicheka mpaka nyonga ikamkata.

"Sarufi ni chumvi, Sista," alisema. "Nitakunyunyizia. Kwanza ule."

Akampa riwaya nene ya mjane mwoka mikate anayegombana na mtaa mzima. Sharti lilikuwa moja: kamusi isifunguliwe mpaka sura iishe. "Jirani akikupigia umbea mlangoni, unamkatiza kila neno? Si unasubiri ujue nani kamfumania nani?"

Wiki tatu Ok-bun alisoma kama mtu anayetembea kwenye tope. Wiki ya nne nilimkuta kwenye sinki, mikono ina povu, anacheka peke yake.

"Mjane kammwagia mwenye nyumba unga!"

"Sasa hapo kichekesho kiko wapi?"

"Ni vile alivyosema kabla ya kummwagia. Nieleze vipi kwa Kikorea, dada? Hakitachekesha."

Nilimnunia siku mbili. Leo nasema wazi, ulikuwa wivu. Miaka saba lugha ile ilikuwa kiboko juu ya migongo yetu, na huyu alikuwa ameingia ndani yake akakuta watu wanacheka.

Bi Sobotta aliporudi kwake na mkongojo, masomo yakahamia Jumapili. Asubuhi walikwenda sinema, filamu za zamani. Saa kumi ilikuwa kahawa na keki ya plamu nyumbani kwake, pamoja na vikongwe wenzake watatu, na Ok-bun alipaswa kuwasimulia filamu yote bila karatasi. Nami nilikuwa naalikwa, kwa sababu ya keki.

"Usinitazame mimi kama nimeridhika," Bi Sobotta alimwonya. "Tazama uma zao. Zikisimama, ujue umefika."

Jumapili ya kwanza hazikusimama hata kidogo. Ok-bun yumo katikati ya mauaji, jasho linamtoka, Bi Rosalie Kempa anatafuna.

"Kauawa na nani?"

"Na ndugu yake, Bi Kempa."

"Hee. Nisogezee krimu."

Jumapili iliyofuata Bi Kempa alilala. Ok-bun akarudi bwenini, akaisimulia ile filamu kwa kabati la nguo mara sita. Nilisikia zote sita, ukuta wetu ulikuwa mmoja. Kila mara alibadilisha kitu: hapa alichelewesha jina la muuaji, pale aliweka mlango unaogonga. Hakuna aliyemlazimisha. Baada ya zamu ya kutwa nzima, na miguu imevimba, alikuwa anatafuta namna ya kumfanya bibi kizee wa Kijerumani asahau keki. Jumapili ya saba alisimulia habari ya fundi kufuli aliyemfungia bosi wake ndani ya sefu. Uma nne zikatulia hewani. Bi Kempa mdomo wazi. "Endelea basi, mtoto, unatuua!"

Lakini kilichombadilisha Ok-bun kilikuwa njiani. Kutoka sinema walipitia mitaa ya wachimba makaa, na Bi Sobotta alimsomesha majina kwenye milango: Sobotta, Kempa, Nowak, Wozniak.

"Haya yanasikika ya Kijerumani?" alimuuliza. "Ni ya Kipolandi. Babu zetu waliletwa kutoka mashariki kuchimba. Mwaka 1908 ikatoka sheria: marufuku Kipolandi kwenye mikutano ya hadhara. Polisi alikaa mbele. Neno likikuponyoka, mkutano unavunjwa."

Ok-bun alisimama pale njiani. Mama yake mwenyewe alichapwa shuleni kwa kusema Kikorea, wakati Mjapani anatutawala. "Hiyo nataka kuisoma yote," alisema. Na akaisoma yote, magazeti ya zamani, kumbukumbu za mikutano, mpaka barua za wachimbaji kwa wake zao. Agosti nzima taa yake haikujua kupumzika.

Katikati ya Septemba, Jumamosi mchana, parokia ilituazima ukumbi wa kufanyia mkutano. Ofisi ya ajira ilimtuma afisa, Bwana Kubitza, mtu laini mwenye sauti ya daktari, naye akaja na mkalimani wa Kikorea aliyevaa suti. Ukumbi ulijaa: wachimbaji, wake zao, watu tuliowauguza.

Bwana Kubitza alitusifu. Tulikuwa malaika wadogo wenye mikono laini, wageni wapendwa. Lakini mgeni mwema hujua wakati wa kuaga, na kwetu nako, alisema, kuna wagonjwa. Mkalimani akatutafsiria, akaongeza asali.

Nikaruka. Nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka saba. "Sisi kazi! Kazi, kazi! Sasa takataka? Hapana kwenda! Hapana!"

Hasira yangu ilijaa kifua na maneno hayakujaa kiganja. Ukumbi ulinitikisia vichwa kwa upole, kama mtoto aliyekariri shairi. Mzee mmoja akasema, "Maskini wa Mungu." Nikakaa, masikio yanawaka.

Ok-bun akasimama. Mkalimani akaanza, "Anachosema huyu ni kwamba..."

"Sijasema bado, kaka," Ok-bun alimwambia kwa Kijerumani. "Na nikisema, nitasema mwenyewe. Keti upumzike, leo umefanya kazi ya watu wawili, umetafsiri na umepamba."

Kicheko kikapasuka nyuma. Ok-bun alingoja kiishe. Hakubembeleza. Alianza kusimulia, polepole, habari ya kijana aliyeteremka kwenye treni akiwa na kifurushi. Kijana akachimba. Wakamwita mikono ya bei rahisi. Wakamwambia lugha yake inanuka, wakamwekea polisi mbele. Kila makaa yalipokosa soko, aliambiwa kwao kuna nafasi. Kijana hakwenda. Akaoa, akazaa, mwana akazaa, na mjukuu akasoma mpaka akapewa meza na muhuri.

"Habari yangu ina mwisho, Bwana Kubitza," alisema, "na umekaa mbele yangu umevaa tai."

Yule bwana, mwenye jina kama yale ya milangoni, aliiva kama nyanya. Lakini hakuwa mjinga. "Sista, hapo unakosea. Babu yangu hakuwa mgeni. Alitoka sehemu iliyokuwa chini ya Prussia, ufalme wa Kijerumani. Alikuwa raia, ana karatasi zake."

Nilifumba macho. Nikajua tumekwisha.

"Ni kweli," Ok-bun alijibu. "Nimesoma. Alikuwa raia, na bado polisi alikaa mbele ya mikutano yake. Kwa hiyo si karatasi iliyomlinda. Walimlinda waliokaa naye ukumbini wakakataa kutoka. Ndiyo maana sisemi nawe peke yako." Akawageukia watu. "Nyinyi mnatujua. Tumewageuza vitandani, tumewafumba macho mama zenu. Mnatutaka tuondoke? Anayetaka aseme, aseme tukimwona."

Halafu mchimbaji mmoja mkubwa, shingo kama gogo, akasukuma kiti. "Mama yangu alimwita huyu kabla ya kuniita mimi. Karatasi ya kutia saini wabaki iko wapi?"

Nimekwenda mikutano mingi maishani, nimeona wasemaji wa kulipwa na wa kujipendekeza. Sijaona tena mtu akiichukua fimbo iliyompiga, akaishika upande wa mpini, kisha asimpige nayo mtu, awaonyeshe tu wote ilikotoka.

Saini zilifika elfu tatu na ushee. Tarehe ishirini na sita barua ilikuja, na tulikusanyika jikoni mwa bweni wote kumi na tisa. Ok-bun akasoma kwa sauti: vibali vimeongezwa mwaka mmoja. Tulipiga mayowe, tukagonga sufuria, mmoja akapanda juu ya meza.

Ok-bun hakupiga mayowe. Aliisoma tena, kidole kikifuata mstari.

"Mbona umenuna?" nilimuuliza. "Umeshinda, wewe!"

"Wanasema 'kwa hisani'. Wanasema 'kwa sasa'." Aliweka barua mezani, akailainisha kwa kiganja. "Hii ni pole, dada, si haki. Mwakani watatuandikia tena. Inabidi tuwajibu leo, kabla hawajasahau zile saini. Una karatasi?"

Nilikuwa nayo, nyuma ya kipeperushi. Nikavuta kiti karibu yake. Alipoandika sentensi ya kwanza, nilimwomba anisomee, kisha anifundishe kuisema.