Matendegu ya Kitanda cha Bibi

Mama Mbao alikuwa amechoka mpaka basi. Si uchovu wa kubeba mbao, maana huo ungeisha kwa kulala. Waliomchosha ni mafundi wake wawili, ambao tangu marehemu mumewe amwachie karakana hawajawahi kuiva chungu kimoja.

Chapchap alikata kwa jicho. Kila kipande alikiacha kirefu kwa vidole vinne, akisema, "Mzee atapunguza." Mzee Pimapima naye alipima, akapima tena, akakaa kitako akavuta pumzi, kisha akapima. Wateja walizeeka wakimsubiri. Huyu alimwita mwenzake kobe, yule alimwita mwenzake bomoabomoa, na Mama Mbao alisuluhisha asubuhi, akasuluhisha mchana, jioni sauti imemkauka.

Safari hii kazi ilikuwa yake mwenyewe: kitanda cha mama yake mzazi, aliyekuwa anatoka hospitali na kuhamia kwake. Magoti ya bibi yalikuwa yamegoma, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. "Nitakaa kwako kama nitainuka kitandani mwenyewe," alisema. "Siku mtakayoninyanyua kama gunia, nirudisheni kwangu nikafie huko." Akakaa kwenye kiti cha wodini, akaonyesha: urefu huu kutoka sakafuni, usipungue hata kidogo. Mama Mbao akapima kwa kamba, akafunga fundo.

Akawaita mafundi, akawaonyesha fundo. Chapchap angekata matendegu, Pimapima angemalizia. "Nawasihi, jamani. Mara hii tu, kila mmoja amfikirie mwenzake. Sina tena nguvu ya kuamua ugomvi."

"Sawa, mama," wakaitikia.

Na kweli karakana ikatulia. Msumeno ulisikika, randa ilisikika, tusi hata moja halikusikika. Angekuwa na akili zake zote, Mama Mbao angeingiwa na hofu hapo hapo.

Siku ya kumleta bibi, kitanda kikaingizwa chumbani. Mama Mbao akakikalia kukijaribu. Loo! Magoti yalikaribia kumgusa kidevu. Akatoa kamba, akashusha ncha yake sakafuni. Fundo likasimama vidole vinne juu ya kitanda.

"Nani kakata hivi?"

"Mimi nilikata sawasawa na fundo," Chapchap akajitetea. "Nilipima, mama, haki ya Mungu! Nilitaka nimpunguzie mzee kazi."

Pimapima naye akakiri. "Mimi sikupima. Nilisema kijana asije akaona namkagua. Nikapunguza vidole vinne, kama kawaida."

Mama Mbao alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Miaka yote amewaomba wabadilike, na sasa wamebadilika wote wawili kwa mpigo. Nje mlango wa gari ukafungwa, na bibi akasikika akimkataza dereva asimshike mkono.

"Vipande mlivyokata viko wapi?"

"Vipo, sikuvitupa," alisema Pimapima.

"Tuvirudishe kwa skrubu," akadakia Chapchap.

"Skrubu peke yake italegea. Tutie gundi, tungoje kesho ikauke."

"Na leo bibi alale wapi, mzee? Juu ya kabati?"

Wakamgeukia Mama Mbao, wakingoja hukumu kama siku zote.

"Msinitazame mimi," alisema. "Nimechoka. Fanyeni mnavyojua." Akatoka kumpokea mama yake.

Akamchelewesha sebuleni kwa maji ya kunywa, kwa salamu, kwa habari za majirani ambazo bibi alikwisha kuzisikia. Chumbani mashine ya kutobolea ilinguruma. Walipoingia, vipande vilikuwa vimerudi chini ya matendegu, kwa skrubu na gundi vyote viwili, na mafundi wamejaa unga wa mbao mpaka kwenye nyusi.

Bibi akakaa. Akaweka viganja juu ya magoti. Hakuna aliyethubutu kusogea. Kisha akainuka, polepole, akitetemeka, lakini mwenyewe. Akasimama akimtazama bintiye usoni.

"Mimi nimeinuka," alisema. "Sasa wewe lala."

"Mama, kuna kazi huko…"

"Lala, mwanangu. Hebu jione ulivyokwisha."

Akalala hapo hapo kitandani, na viatu vyake miguuni. Uani ugomvi ulikuwa umesharudi: skrubu zilitosha au hazikutosha, gundi ilizidi au haikuzidi, na nani aliyeanza. Mama Mbao aliwasikia vizuri kabisa, neno kwa neno, wala hakuinuka.