Goti la Mpiga Solo

Niliota usiku wa jana kwamba nimeitwa kwenye mtihani wa kupiga gitaa la solo, na wasimamizi wa mtihani ni vyombo vyenyewe vya bendi.

Haikunishangaza. Nimepiga rithimu Orkesta Kichangani, hapa Morogoro, mpaka hata mbao za jukwaa zinanijua kwa kikohozi. Nafasi ya solo ilikuwa wazi, nami nilikuwa naililia kama mtoto anayeachishwa ziwa. Kilichobaki ni Mzee Mkude, kiongozi wetu, aridhike. Na Mzee Mkude ana sharti moja: mpiga solo hachezi, anachezesha. Anakaa kitini kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Vidole tu ndivyo vinavyohangaika. Muziki wa vijana anauita uji wa mgonjwa.

Sasa mimi, nichekeni tu, uji huo naunywa. Kuna wimbo unaitwa "Jojo la Moyo". Wameuimba vijana watatu wenye fulana za rangi ya waridi, na hupigwa keki ikiingizwa ukumbini. Huwa nausikiliza bafuni, bomba nimelifungua lote, mke wangu akidhani ameolewa na mtu msafi sana. Mzee Mkude akijua, solo naisikia redioni.

Basi, ndotoni naingia. Tumba limevaa miwani. Gitaa la besi limekaa katikati, linasoma gazeti. Mzee Mkude yuko pembeni kwenye kiti chake, mikono kifuani.

"Kaa," linasema besi.

Nakaa. Kiti kinanikamata kiuno.

"Usinione mbaya, ndugu yangu," kinasema. "Ukicheza, naondoka na hiki kiuno. Ndilo sharti."

Linapigwa rumba tamu la kizamani. Nimetulia kama gunia la mkaa. Tumba linatikisa kichwa kwa kuridhika. Nimeshaanza kujiona na solo yangu begani, mara mlango unafunguliwa, linaingia bomba la bafuni kwangu, limejifunga kanga.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Bomba la kwake huyu. Kila asubuhi ananifungua nimfunikie. Nimechoka kufunika, leo nafunua."

Linajifungua. Maji hayatoki. Unatoka "Jojo la Moyo", kwa sauti yote.

*Nitafune taratibu, nisiishe utamu.*

Ukumbi sasa ni sherehe ya mtu. Keki kubwa kama lori inaingia ikikata nyonga. Mimi nimekaza meno. Goti langu la kushoto linaninong'oneza.

"Kaka, mimi nashuka."

"Utaniponza."

"Sharti linasema wewe usicheze. Mimi sikutajwa."

Linachomoka, linaruka chini, linaanza kazi. Nakiri niliogopa, lakini raha niliyoisikia, sijawahi kuisikia hata siku ya harusi yangu. Halafu nikaona liko na mwenzake. Goti jingine, kavu, la mtu mzima, na linacheza kunishinda. Linajua hata ile mizunguko miwili kabla ya ubeti wa pili, ambayo huijui mpaka uwe umeurudia wimbo kwa mapenzi.

"Hili la nani?" besi linauliza, gazeti limeteremshwa.

Natupa jicho pembeni. Suruali ya Mzee Mkude imebonyea gotini, upande wa kushoto.

"Mzee?"

"Kunambi, tazama mbele."

Wimbo unakatika. Taa zinazimika. "Kila mtu na lake!" linafoka besi, na magoti yanakimbia gizani chini ya keki, yanasukumana, kila moja linaingia kwenye mguu wa kwanza linaoukuta.

Nikaamka. Jua limeshajaa chumbani. Mke wangu alikuwa anakunja nguo pembeni ya kitanda, akaacha, akanitazama mguu.

"Baba Sikudhani, kovu hili umelipata lini?"

Nikatazama. Kwenye goti la kushoto palikuwa na kovu refu, limefifia, la mtu aliyeanguka na baiskeli kabla mimi sijazaliwa. Nikalikunja goti. Likakunjika taratibu, kwa heshima zote, likalia "ko!"

Simu ikaita.

"Kunambi."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Uko peke yako?"

Nikamtazama mke wangu. "Peke yangu kabisa, mzee."

Nikamsikia anahema, kama mtu anayeongea huku anaruka kamba.

"Wahi mazoezini kabla ya wenzako. Kitu chako hiki kinaniaibisha mbele ya wajukuu."

"Na ule mtihani, mzee?"

"Solo chukua. Goti langu nirudishie."