Fomu ya Mwenyekiti

Kila asubuhi kabla ya chai, Mama Mwenyekiti humketisha mumewe, Mwenyekiti wa chama, kwenye kiti cha jikoni, akamkunja suruali hadi juu ya magoti, akamchua kwa dawa inayowasha macho ya wote wawili. Leo ndiyo kwanza alikuwa amemaliza goti la kushoto, mlango ukagongwa.

Wakaingia Katibu wa chama na Makamu Mwenyekiti, sare zimewaganda kwa jasho. Katibu akaweka fomu mezani, kando ya kopo la dawa. Ilikuwa imeshajazwa yote. Ilibaki saini tu.

"Mwenyekiti, wajumbe wamekuchukulia fomu ya kugombea tena. Mwisho wa kurudisha ni saa sita mchana huu."

"Nimechoka, jamani," Mzee alisema. "Tafuteni mwingine."

Katibu akacheka hadi akashika kiuno. "Umemsikia, Makamu? Mara ya nne hii anatuambia amechoka!"

Ni kweli. Mara tatu zilizopita Mzee alisema maneno hayohayo kwa adabu tu, akapigiwa makofi, akasaini. Leo alikuwa anamaanisha, na hakuna aliyemwamini isipokuwa mkewe. Akishasaini, hakuna mtu chamani mwao atakayethubutu kuchukua fomu nyingine. Itakuwa miaka mitano tena ya vikao, ya simu zisizokatika, na ya yeye Mama kula peke yake akitazama kiti kitupu.

"Wajumbe wanakusubiri, Mzee wetu," Katibu alibembeleza, akimsogezea kalamu.

Mzee akashusha pumzi, akaishika.

Mama akamwona Makamu akimeza mate. Tangu aingie, macho yake hayakuwa yamebanduka kwenye ile fomu.

"Shemeji," akamwita, akijifuta dawa mikononi, "na wewe unataka asaini?"

"Aa, shemeji! Mimi ni nani bwana? Mimi niko nyuma ya Mwenyekiti siku zote."

"Sijakuuliza uko wapi. Nimekuuliza unataka nini."

Katibu akajikohoza. Mzee akainua uso, kalamu mkononi, mguu mmoja wa suruali umeshateremka.

Makamu akavua kofia, akaipindapinda.

"Nautaka, shemeji," alisema. "Uenyekiti nautaka mimi. Miaka kumi na miwili sasa."