Ukuta wa Anuar

Ati ukuta uvunjwe kesho, mama, mafundi nshawaita, ukuta wa fitina ule, ndivyo alivyosema Khatib asubuhi na kikombe mkononi, na Bi Salhiya akamwitikia, naam, uvunjwe, maana nani asiyejua kuwa Anuar aliujenga kwa hasira, katikati ya ukumbi wa chini, yeye na Khatib walipogawana nyumba ya marehemu baba yao, kaka huku, mdogo kule, na tokea hapo Anuar yuko Fumba, hata Idi hakanyagi hapa... "Bibi, tulia, ukitikisika vidude vinakusikia," anasema Yusra, binti wa Khatib, kapiga magoti na nyundo yake yenye kichwa cha mpira, haya, nshatulia, na Bi Salhiya kanyoosha miguu kitandani, chumba cha juu ya ukumbi ule, kama bibi arusi anayengoja hina ikauke, lakini mtoto huyu, akili hizi kazitoa wapi, anagonga sakafu, du, kisha ananyamaza, na vile vidude alivyovibandika vinasikiliza nyumba inavyotetema, Bi Salhiya mwenyewe kasikia vikombe tu vikilia kwenye sinia, na kule kwenye kompyuta nyumba nzima imechorwa kwa mistari, inayumba... "Hii ni kwa ramani ya zamani, Bibi, ukuta wa ami Anuar haumo, tazama ilivyo legelege, na nyumba niliyoipima ni ngumu zaidi." "Sasa muongo nani, nyumba au mashine yako?" "Mchoro ndio muongo." Akacheka, akautia ukuta kwenye mchoro, bado haulingani, akazilegeza boriti za kati, akaongeza, akapunguza, kama mtu anayeonja mchuzi, mpaka mstari wa mchoro ukalala juu ya mstari wa vidude, mmoja mtupu, mashallah, na hajabomoa hata jiwe, wala kuchungulia ndani ya dari... "Boriti zako za kati nadhani zimeliwa na mchwa, Bibi, sakafu hii imeukalia ukuta ule, tazama nikiufuta." Akaufuta, na chumba kule kwenye kompyuta kikabonyea katikati, hapahapa penye kitanda, na Bi Salhiya akashika ubao wa kitanda, kumbe kesho, kumbe yeye mwenyewe kaitikia naam, miaka yote akishuka ngazi anaupa kisogo ukuta ule, wakipita wageni anauziba kwa pazia, aibu yangu hii, na usiku analala, anageuka, anakohoa, na ukuta chini umembeba kimya, mwanangu Anuar, mwenye hasira, mwenye mikono mizuri, angejenga vibaya ningelaumu, kajenga vizuri nimelaumu pia... "Bado, Bibi, usitikisike, nagonga mara nyengine." Sitikisiki, mjukuu wangu, gonga, lakini ukimaliza mwambie baba yako awarudishe mafundi wake makwao, ukuta usiguswe, kisha mpigie ami yako Fumba, mwambie mama yako yuko juu ya ukuta wako, anakuita uje umwone.