Udongo Usioliwa na Mchwa

Bwana Gaspari, mkaguzi wa mkopo, hakugomba, na afadhali angegomba. Alisimama ukingoni mwa shimo la zege, akautazama mstari wa chokaa alioupiga mwenyewe ukutani, akautazama na udongo uliokuwa umekomea chini kabisa ya mstari ule, kisha akamgeukia Martina.

"Mama mwenyekiti, udongo mwingine uko wapi?"

Martina akasema labda upepo, na hapo hapo akaona haya, maana upepo gani wa kubeba udongo wa matoroli?

Kiwanja kile kilikuwa bohari ya ushirika, enzi zile Iramba ilipolima pamba kwa fujo. Ushirika ukafa, soko huria likaingia, wanunuzi wakaja Iguguno na mizani zao za kutiliwa shaka, na bohari ikabaki na mapipa ya dawa ya pamba yakivuja polepole hadi ardhi yote ikanuka. Mbuzi wenyewe walikipita kwa mbali. Na kiwanja ni kizuri, kipo kando ya barabara kuu! Ndipo serikali ikaleta mkopo wa kusafisha viwanja vya namna hiyo. Fungu la kwanza lilikuwa la kuchimba udongo wenye sumu na kuuzika ndani ya zege. Fungu la pili, kama kazi ya kwanza imekwenda sawasawa, lilikuwa la kujenga kinu cha kukamua alizeti. Aliyeupata mkopo huo ni Martina na kikundi chake cha akina mama, watu waliochoka kuuza alizeti kwa bei anayoitaka mwenye lori.

"Udongo ukipungua, maana yake sumu iko kwa watu," alisema Gaspari. "Siwezi kusaini. Nitarudi Ijumaa. Udongo usipofika kwenye mstari, mkopo unafungwa na kiwanja kinarudi halmashauri."

Akapanda pikipiki yake, akaenda zake Singida.

Sasa, kilichomsumbua Martina ni kwamba alijua udongo ulikokwenda, walau kiasi chake. Chungu ya udongo ilikuwa imelala chini ya turubai, ikingoja zege likauke. Siku hizo hizo baba mkwe wake, mzee Yeremia, alikuja kumwezekea upya jiko. Mume wa Martina yuko reli, Manyoni, haonekani ila sikukuu, kwa hiyo mzee ndiye aliyemtazama mkwewe. Na nani asiyejua taabu ya tembe? Unapanga boriti nzuri, unashindilia udongo juu, na kabla mtoto hajaota meno mchwa wameshamaliza miti. Mzee alimaliza kazi, akapangusa mikono, akasema kwa fahari, "Udongo huu mchwa hawauli. Utazeeka nao." Martina alishukuru kwa magoti mawili. Harufu ya bohari aliisikia siku ya pili, alipowasha moto, na tangu hapo akawa anapikia nje.

Kumwambia ndiyo kazi. Mkwe hamwambii baba mkwe kwamba ameiba. Hamwambii hata kwamba chumvi imezidi. Neno kama hilo hupitia kwa mama mkwe, na mama mkwe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Martina akamwendea shemeji yake Chediel, mwanamume mzima mwenye ndevu.

"Mimi?" Chediel alisema. "Nimwambie mzee aezue?" Akakohoa, akakumbuka ana ng'ombe mahali fulani, akapanda baiskeli. Shujaa wa watu.

Alhamisi asubuhi Martina alivaa glavu za mradi, akafunga khanga puani, akaegesha ngazi, akapanda juu ya jiko lake mwenyewe na jembe. Alibomoa zawadi ya mzee pande kwa pande, akiutupa udongo kwenye toroli, na machozi yanamtoka, na wala hakuyafuta kwa sababu glavu zilikuwa chafu.

Alipoinua uso, mzee Yeremia alikuwa amesimama uani.

Mkwe juu, baba mkwe chini. Katika ukoo ule jambo hilo lilikuwa halijapata kuonekana. Martina akapiga magoti palepale juu ya paa, kwani afanyeje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Mzee akalitazama toroli. "Unabomoa."

"Nabomoa, baba. Udongo huu ni wa bohari."

"Najua ni wa bohari. Ndiyo maana mchwa hawaugusi."

"Hawaugusi kwa sababu unawaua, baba," Martina alisema, akitazama magoti yake. "Na chini yake ndipo pa kupikia chakula chetu."

Mzee aligeuka, akatoka uani bila kuaga, fimbo mkononi. Martina akajua yamekwisha. Amemvunjia heshima mtu aliyemlea kama mwanawe, na mkopo wenyewe utafungwa, kwa kuwa udongo wa jiko moja hauwezi kujaza pengo lile. Akaendelea kubomoa tu, maana kuacha katikati kungekuwa upuuzi zaidi.

Baadaye akasikia jembe jingine. Lilitoka juu ya nyumba ya mzee. Halafu likasikika kwa jirani yake Scola, halafu ng'ambo ya barabara. Mzee alikuwa amepita mlango kwa mlango, akisema bila kuficha: mimi niliuchota, nanyi mliuchota, nilikutana nanyi njiani, tushushe.

Ijumaa Gaspari aliukuta udongo umeupita mstari wa chokaa, umefika karibu na mdomo wa shimo. Alizunguka shimo zima, akavua kofia.

"Huu umezidi mliouchimba."

"Mwingine ni wa zamani," Scola akasema kwa sauti ndogo. "Tangu ushirika ufe tunaezekea huo."

"Na wewe mwenyekiti ulijua? Mbona hukuniambia?"

Mzee Yeremia akapita katikati ya akina mama, amejaa vumbi hadi kwenye nyusi.

"Usimuulize huyo," alisema. "Mwizi ni mimi. Angenisemaje kwako, na mimi ndimi baba yake?"

Hakusema baba mkwe. Gaspari akamtazama mzee, akamtazama Martina, akatoa kalamu na kusaini juu ya tangi la pikipiki. Martina akakaa chini kwenye kokoto, analia na kucheka mbele ya watu wote, na mzee akasimama kando yake akimkinga jua hadi alipomaliza.